Kura ya Maeneo Kumi na Mawili

Katika vituo vya utafiti wa mbu kaskazini mwa Tanzania kuna aina ya kibanda ambacho mpita njia anaweza kudhani ni banda la kuku lililojengwa kwa uangalifu kupita kiasi. Kimeinuliwa juu ya nguzo fupi, na kuzunguka msingi wake kuna mfereji wa maji ili sisimizi wasivuke kwenda kula mbu waliokufa usiku. Pande zote nne zina varanda, mbili zimezibwa kwa wavu na mbili zimeachwa wazi. Mtu hulala ndani, mbu huingia kupitia upenyo wa ukingo wa paa, na kukicha wahudumu huhesabu waliokufa sakafuni, walioshiba damu, na walionaswa kwenye varanda zilizozibwa walipokuwa wakitafuta njia ya kutoka. Hesabu ya walionaswa huzidishwa mara mbili, kwa sababu hukadiriwa kwamba wengine wengi kama hao wamepenya kupitia pande zilizo wazi. Mtaalamu wa wadudu Alec Smith alikieleza kibanda hiki mwaka 1965, akifanya kazi Arusha, na hadi leo vyandarua na dawa za kupulizia kuta hupimwa katika vibanda vilivyotokana na mchoro wake. Miaka kumi kabla ya hapo Smith alikuwa amechapisha mfululizo wa makala kuhusu jambo lililoonekana dogo na la mbali, nalo ni jinsi mbu wanavyosambaza matende katika kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria.

Anayeandika historia ya utafiti wa tiba Mwanza hushawishika kumchukua mtu wa namna hiyo na kumweka mlangoni. Ana jina, ana chombo, na chombo chake bado kinafanya kazi. Makala hii inashika njia nyingine. Kwa maoni yangu, uvumbuzi mkubwa uliotoka kwenye kituo cha Mwanza, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hauwezi kuwekwa juu ya meza wala kupigwa picha. Ni namna ya kuwauliza watu wa eneo zima swali moja la kitabibu na kupata jibu ambalo hata asiyelipenda atalazimika kulikubali. Kituo hicho kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa wavumbuzi, na heshima yake katika jumuiya ya wanasayansi imetokana zaidi na ujasiri wa kuielekeza namna hiyo ya kuuliza dhidi ya majibu yake chenyewe.

Mwanzo wake ulikuwa usiku. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni, kupitia vyombo vya pamoja vya Afrika Mashariki, ilianzisha Mwanza kitengo cha kutafiti matende, wakati kikosi kingine cha uchunguzi wa afya kikiwa na makao Malya, katika nchi ya Wasukuma. Katikati ya miaka ya 1950 kazi hizo mbili ziliunganishwa, na ikazaliwa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki, yenye makao Mwanza. Sasa, vimelea vya matende vina tabia yao: mchana hujificha ndani ya mwili, na karibu na usiku wa manane hujaa kwenye damu ya mishipa midogo ya ngozi, saa ambazo mbu wanauma. Anayetaka kuvihesabu hana budi kwenda na taa na sindano nyumba kwa nyumba wakati watu wamelala. Tuwaze hilo kwa macho ya wanakijiji wa wakati ule, katika Afrika Mashariki iliyojaa habari za mumiani wanaonyonya damu za watu usiku. Wageni wanafika gizani, wanachoma vidole, wanaondoka na damu kwenye vipande vya kioo, na hawaachi maelezo ya kutosha. Aliyekataa hakuwa mjinga. Alikuwa anadai jambo ambalo maadili ya utafiti yalikuja kulifanya sharti miaka mingi baadaye, kwamba damu yake isitolewe kabla hajaelewa inakwenda kufanya nini.

Hata hivyo kazi ya miaka ile haikuwa ya bure. Peter Jordan alipima ukubwa wa matende katika Jimbo la Ziwa, na Gerald Webbe akafuatilia konokono wanaobeba kichocho kwenye malambo na vijito, akionyesha ni msimu gani na maji ya namna gani humwambukiza mtoto anayeoga au mama anayechota. Wote wawili baadaye walitunga pamoja kitabu kikubwa kuhusu kichocho kwa binadamu. Lakini tuliangalie umbo la kazi yenyewe: mtaalamu anahesabu, anachora ramani, anaandika. Mwanakijiji ni mwenye damu tu, na kijiji ni mahali pa kuokota sampuli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kituo kilibaki bila mama. Sheria ya Bunge ya mwaka 1979 ikaunda NIMR, chini ya mkurugenzi mkuu wa kwanza, Profesa Wen Kilama, na Mwanza ikawa kituo cha taifa. Kwa muda mfupi ingeonekana kana kwamba kimebadilika kibao cha mlangoni tu.

Kilichobadilisha maana ya kituo ni ugonjwa mpya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa. Watu wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo, na wengine silimu, kwa vile ulivyowakondesha. Mwanza ilikuwa njiani: meli kutoka Bukoba, reli ya kwenda Tabora na Dar es Salaam, barabara ya kwenda Musoma na Kenya, visiwa vya wavuvi wanaohama na samaki. Uchunguzi uliofanywa mkoani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha ngazi tatu zisizohitaji ufafanuzi mrefu: mjini asilimia 11.8 ya watu wazima walikuwa na VVU, kwenye vituo vya barabarani asilimia 7.3, vijijini asilimia 2.5. Maana yake ni kwamba vijijini, ambako ndiko watu wengi walikoishi, moto ulikuwa bado haujashika. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Chanjo haikuwapo, na bado haipo. Madaktari walikuwa wameona kwamba mwenye kisonono, kaswende au pangusa yuko hatarini zaidi kupata na kutoa VVU, kwa kuwa kidonda na usaha hufungua mlango. Swali likawa moja: je, ukiyatibu vizuri magonjwa hayo kwenye zahanati za kawaida, VVU vitapungua kweli?

Ni swali rahisi kuuliza na gumu ajabu kulijibu, na hapa ndipo uvumbuzi ninaousema ulipo. Ukichukua wagonjwa waliotibiwa na kuwalinganisha na wasiotibiwa, hutajua kama tofauti imeletwa na dawa au imeletwa na aina ya watu wanaokwenda zahanati. Ukimgawia jirani mmoja dawa na kumnyima mwingine, wawili hao wanaweza kuwa na wapenzi walewale, na maambukizi hayaheshimu daftari la mtafiti. Wasukuma wanalo simulizi linalolikaribia tatizo hili kuliko vitabu vingi. Waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu, na mshindi alikuwa anayevuta umati mkubwa. Vikundi vya Bagika na Bagalu vilizaliwa na ushindani huo, na hadi leo baada ya mavuno huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, watu wakikimbilia upande unaowapendeza. Kuna busara ya kweli humo: dawa haisifiwi na mwenyewe, inawekwa hadharani kando ya dawa nyingine, siku moja, mbele ya macho yaleyale. Kinachokosekana ni njia ya kuitenganisha dawa na mchezaji. Anayecheza na nungunungu au chatu mabegani atavuta umati hata kama kibuyu chake kina maji matupu. Umati unachagua, na anayechagua tayari ana sababu zake.

Dawa ya kasoro hiyo ni kura. Watafiti wa Mwanza, wakishirikiana na shirika la afya la AMREF, Wizara ya Afya na Chuo cha Usafi na Tiba ya Kitropiki cha London, walichagua maeneo 12, kila moja likiwa ni kituo cha afya pamoja na zahanati zinazokizunguka na watu wapatao 25,000. Wakayapanga jozi sita kwa kufanana: la mwambao na la mwambao, la barabarani na la barabarani, la bara na la bara. Ndani ya kila jozi kura ikaamua ni lipi lianze kupata huduma iliyoboreshwa na lipi liendelee kwanza na huduma ya kawaida. Hakuna mganga mkuu, diwani wala mfadhili aliyechagua. Huduma yenyewe haikuwa na maajabu. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kuangalia dalili, bila kusubiri maabara ambayo haikuwapo. Dawa zilihakikishwa zinafika. Wasimamizi walitembelea mara kwa mara. Na wananchi walielezwa umuhimu wa kuwahi matibabu. Katika kila eneo watu wazima wapatao elfu moja, wenye umri wa miaka 15 hadi 54, walichaguliwa bila upendeleo, wakapimwa, kisha wakatafutwa tena baada ya miaka miwili. Jumla walikuwa 12,537. Waliopatikana tena ni 8,845, na kila anayejua jinsi watu wa ziwani wanavyohama kufuata dagaa, pamba na dhahabu ataithamini hesabu hiyo.

Matokeo yalichapishwa Agosti 1995 katika jarida la Lancet, na aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi alikuwa Heiner Grosskurth. Kati ya watu ambao hawakuwa na VVU mwanzoni, katika maeneo yaliyopata huduma 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa. Katika maeneo ya kulinganishia, 82 kati ya 4,400. Baada ya kurekebisha tofauti ndogondogo, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa asilimia 42, na mipaka ya makadirio hayo ikiwa ni asilimia 21 na 58. Jambo ninaloliona zito kuliko asilimia yenyewe ni kwamba mwelekeo ulikuwa uleule katika jozi zote sita. Tena watu hawakueleza mabadiliko yoyote katika mienendo yao ya ngono, upande huu wala ule, kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba ni hofu ndiyo iliyofanya kazi ikijifanya dawa. Hesabu ya gharama iliyotolewa mwaka 1997 ilionyesha kwamba huduma hiyo iligharimu chini ya nusu dola ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka, na takriban dola 218 kwa kila ambukizo lililozuiwa. Lilikuwa jaribio la kwanza la kura ya maeneo kuonyesha kwamba VVU vinaweza kupunguzwa katika jamii nzima, na lilifanywa kwenye zahanati za mabati, na waganga wasaidizi, kwa vidonge vya kawaida.

Pingamizi la kwanza linakuja hapo hapo. Kura ya maeneo haikubuniwa Mwanza. Wengine walikuwa wameitumia kupima chanjo na vyandarua. Na waliokuja na hesabu walitoka London. Je, kuiita Mwanza mvumbuzi si kujivika kilemba cha ukoka? Nalikubali nusu ya pingamizi hilo. Hakuna aliyeanzia hewani. Smith mwenyewe hakubuni kibanda, wala varanda, wala wavu. Alivipanga vitatu hivyo vijibu swali ambalo havikuwahi kulijibu vikiwa mbalimbali. Kilichofanyika Mwanza ni cha aina hiyo. Kabla ya hapo haikujulikana kama ugonjwa unaosambaa kwa siri, polepole, katika watu wanaohama, unaweza kupimwa kwa njia hiyo na kutoa jibu safi: ni maeneo mangapi yanatosha, yalinganishwe vipi, nini kifanyike iwapo watu wa maeneo mawili wanachanganyika sokoni. Majibu ya maswali hayo yalipatikana hapa, na yakarudi London badala ya kutoka huko. Richard Hayes, mtakwimu wa jaribio hilo, pamoja na Lawrence Moulton, walichapisha mwaka 2009 kitabu cha kufundishia majaribio ya kura ya makundi, na jaribio la Mwanza ni miongoni mwa mifano yake mikuu. Mwanafunzi wa takwimu aliye Brazil au India hujifunza hesabu hiyo kwa takwimu za wakulima na wavuvi wa Usukumani. Na kwenye orodha ya waandishi wa 1995 kuna Mosha, Mwijarubi, Senkoro, Changalucha, ka-Gina na Mugeye. Bila watu waliojua ni lini kijiji kimekwenda shamba, na kwa nini mwenyekiti wa kitongoji akishabisha hodi mlango hufunguliwa, hesabu ya London ingebaki karatasini. Tulinganishe na zile taa za usiku za miaka ya 1950: safari hii ilibidi kijiji kikubali kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndilo linaloipa historia hii thamani yake. Mwaka 1999 watafiti wa Rakai, upande wa Uganda, sio mbali na mpaka wa Kagera, walichapisha jaribio lao. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi wakiwapa watu wazima wote wa upande mmoja wa jaribio dawa za magonjwa ya zinaa, wenye dalili na wasio nazo. Maambukizi mapya ya VVU yakawa sawa pande zote mbili, 1.5 kwa kila watu mia kwa mwaka. Mwaka 2003 jaribio la Masaka, nalo la Uganda, halikuonyesha nafuu yoyote ya VVU. Ziwa moja, majaribio matatu, na moja tu lenye habari njema. Kuna waliosema kwamba Mwanza ilibahatisha tu. Kuna waliotaka kulitetea jibu la Mwanza kama mali ya nyumbani, na huo ungekuwa mwisho wa heshima yake. Watafiti wa Mwanza na wa Rakai walifanya jambo gumu: walikaa pamoja, wakafungua takwimu zao, na mwaka 2000 wakaandika makala ya pamoja wakipima kila maelezo yanayowezekana.

Kilichojitokeza, na kikaimarishwa na hesabu za kompyuta zilizofuata, ni kwamba majaribio hayo hayakuuliza swali moja kwa watu wa aina moja. Rakai ilianza wakati karibu asilimia 16 ya watu wazima tayari wana VVU. Mwanza ilianza na asilimia nne hivi. Uganda ilikuwa imekwisha kupita kilele, mienendo ya watu ilikuwa imebadilika kwa misiba waliyoiona, na kisonono, kaswende na pangusa vilikuwa vimepungua. Vidonda vingi vilivyobaki vilitokana na herpesi, ambayo dawa za bakteria haziigusi. Tena kumtibu mtu mara moja kwa miezi kumi ni tofauti na kuwa na zahanati yenye dawa siku yoyote anapoona dalili. Moto unaoanza kwenye ukingo wa shamba huzimwa kwa matawi. Ukishaingia katikati, matawi yaleyale hayafui dafu. Anayesema kwamba maelezo haya yalitafutwa baada ya tukio anasema kweli, na ndiyo maana hayakuachwa yabaki maelezo. Kama herpesi ndiyo iliyoziba njia, basi herpesi itibiwe, tuone.

Wakaitibu. Wanawake 821 wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za kulala wageni na migahawa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wenye herpesi na wasio na VVU, walipewa kwa kura vidonge vya aciklovia au vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 jibu likatoka: hakuna tofauti. Kabla ya hapo, mpango wa MEMA kwa Vijana ulikuwa umepeleka elimu ya uzazi kwenye shule za msingi na huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati, katika nusu ya maeneo 20 ya Sengerema, Geita, Kwimba na Misungwi. Vijana walijua zaidi na walisema vizuri zaidi, lakini damu zao hazikuonyesha kupungua kwa VVU wala herpesi, na uchunguzi wa 2007 na 2008, uliowafikia vijana karibu 14,000, ukathibitisha hivyo. Mwishoni mwa 2009 gel ya ukeni ya kuzuia VVU iitwayo PRO 2000, iliyojaribiwa kwa wanawake zaidi ya 9,000 katika nchi nne, Mwanza ikiwemo, nayo ikaonekana haikingi. Msomaji anaweza kuona hapo orodha ya kushindwa. Mimi naona jambo lililo adimu sana katika taasisi yoyote, ya sayansi au ya dini au ya siasa: nyumba iliyopata sifa ya dunia kwa jibu moja, kisha ikatumia zaidi ya miaka kumi kuyapima mawazo yake inayoyapenda na kuyatangaza yaliyoanguka. Elimu kwa vijana lilikuwa wazo ambalo kila mtu alitamani lifanye kazi. Mashirika yalikuwa yakiligharamia kote Afrika bila kupima damu ya mtu. Mwanza ilipima, ikasema. Kitengo cha Majaribio cha Mwanza, MITU, kilichoundwa mwaka 2006 na NIMR pamoja na chuo cha London ndani ya eneo la kituo huko Isamilo, kilizaliwa katikati ya majibu hayo ya hapana.

Limebaki pingamizi linalogusa moyo kuliko yote. Maeneo sita ya kulinganishia yalibaki na huduma duni kwa miaka miwili wakati wenzao wanatibiwa, na kati ya waliofuatiliwa humo watu 82 wakaambukizwa. Ni haki? Sipendi majibu mepesi kwa swali hili. Ni kweli kwamba mwaka 1991 hakuna aliyejua kama huduma hiyo itapunguza VVU, na kwamba hata zahanati za nchi nzima, zikiwemo zilizo nje ya jaribio, zilikuwa katika hali ileile. Ni kweli pia kwamba maeneo ya kulinganishia yalipelekewa huduma hiyo baada ya jaribio. Lakini uzito unabaki, na deni lake lilipwe na serikali na wafadhili zaidi ya watafiti: ukiwa umeonyeshwa kwa damu za watu kwamba huduma ya chini ya nusu dola kwa kila mkazi kwa mwaka inazuia maambukizi, zahanati ya Kwimba au ya Ukerewe kukosa dawa za kisonono si bahati mbaya tena. Jaribio haliwezi kumlazimisha waziri. Linachoweza ni kumnyang'anya kisingizio cha kutojua. Kwenye kata ya Kisesa, kilomita zipatazo 20 mashariki mwa jiji kwenye barabara ya Musoma, si mbali na makumbusho ya Bujora, watu wamekuwa wakihesabiwa na kupimwa kwa awamu tangu 1994, kizazi baada ya kizazi. Ni katika daftari la namna hiyo kwamba taifa linaweza kuona kama lililothibitishwa limetekelezwa.

Na mbinu yenyewe haikubaki mali ya kituo kimoja. Juu ya kilima cha Bugando, katika hospitali na chuo kikuu cha afya kilicho jirani, watafiti walikuwa wamebaini kwamba tohara ya wanaume inakwama kwenye maswali ya imani. Wakachukua vijiji 16, wakapiga kura, na katika nusu yake wakawapa viongozi wa makanisa mafunzo kuhusu tohara kwa upande wa afya, dini na mila. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika vijiji hivyo karibu asilimia 53 ya wanaume walijitokeza, na katika vingine asilimia 30. Swali lilikuwa jipya kabisa, la mimbari na waumini, lakini mashine ya kulijibu ni ileile ya mwaka 1991.

Mfano wa karibuni ndio ninaouona mkubwa kuliko yote baada ya 1995. Saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, na chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kwa dozi tatu, kisha mbili. Dozi mbili zina maana ya kumpata msichana yuleyule mara mbili, naye katikati amehama shule au ameacha. Mwanza ilikuwa imejifunza ugumu huo mapema, ilipolinganisha katika shule za msingi 134 ipi ni rahisi, kuchanja kwa darasa au kwa umri, na darasa likashinda. Kisha, kuanzia 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14 waligawiwa kwa kura dozi moja, mbili au tatu. Baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja tu walikuwa na kinga dhidi ya aina ya virusi iliyo hatari kuliko zote. Aprili 2022 jopo la wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba dozi moja inatosha kwa wasichana wa umri huo, na takwimu za Mwanza zilikuwa sehemu ya ushahidi uliokuwa mezani. Mwaka 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja. Msichana wa Ukara, kisiwa kile ambacho damu ya watu wake ilichukuliwa usiku kwa taa, sasa anapanga foleni mchana uwanjani mwa shule, anachomwa mkono mara moja, na mwaka unaofuata hahitaji kusubiri boti ya chanjo tena.